Masikio ya Akina Tlawi

Jumamosi, 29 Novemba

Asubuhi tumekuta vigingi kumi na vinne ndani ya shamba letu la chini, vimepakwa rangi nyekundu kichwani kama njiti za kiberiti. Babu ameving'oa kimoja kimoja, akavifunga kwa kamba, akamletea Bibi jikoni.

"Kuni hizi umezitoa wapi?" Bibi akamuuliza.

"Zimeota."

Vimepikia ugali na mboga, na rangi imetoa moshi mbaya.

Naandika nyuma ya daftari langu la Historia, lina kurasa nyingi nyeupe. Mtihani wa kidato cha tatu umekwisha. Mwalimu Judith alituambia mwanafunzi wa historia asiyeandika ya kwao atabaki kukariri ya wenzake. Kusema mbele ya watu siwezi. Nikiulizwa darasani sauti inanikimbia, wenzangu wanacheka. Ila kuandika naweza.

Shamba la chini ni ekari nane. Upande mmoja kuna korongo lenye chemchemi isiyokauka, upande mwingine mbuga ya malisho, na upande wa tatu shamba kubwa lililokuwa la marehemu Mzee Qamara. Uzio wa minyaa unalizunguka lote. Maharage ya hapo ndiyo yaliyonipeleka sekondari. Huku juu nyumbani tuna ekari moja na nusu, nayo ina mawe.

Jumapili, 30 Novemba

Mwenye vigingi amekuja mwenyewe baada ya Misa. Anaitwa Bwana Alfredi. Amenunua shamba la Mzee Qamara kutoka kwa watoto wake wanaoishi mjini. Nilitegemea mtu wa kutisha. Ni mnene, mpole, amemsalimia Babu shikamoo kwa kuinama, na ametuletea kreti la soda.

"Mzee wangu, ramani niliyokabidhiwa inafika kwenye korongo," alisema. "Sikuja kugombana. Nitakupa shamba lingine kule Gitting, zuri tu."

"Gitting kuna watu wake," Babu akasema.

"Basi taja unachotaka."

"Nataka umalize soda yako."

Bibi alijifunika mdomo kwa khanga. Bwana Alfredi akanigeukia, akaona kitabu mapajani mwangu, akaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Hajawahi mtu kuniuliza hivyo. Nilimjibu kwa vidole. Alipoondoka niliona aibu kwamba nimempenda.

Jumanne, 2 Desemba

Joto. Mlima Hanang uko wazi mpaka kileleni, hata wingu la kufutia jasho hakuna.

Alhamisi, 4 Desemba

Baraza la Ardhi la Kijiji limekaa katika ofisi ya kijiji. Wajumbe saba, na mwenyekiti wao ni Mzee Ignasi, ambaye anasikiliza amefumba macho hadi unadhani amelala. Nilisimama dirishani na daftari.

Babu alisimama wima. Ana miaka sabini na mitano lakini hatumii fimbo. Akasema maneno yale yale niliyoyasikia tangu utoto wangu: "Nilitoka Tlawi kijana, mlimani ardhi imetuishia. Nilikuta hapa pori tupu. Sikupewa na mtu, sikuomba mtu. Nilifyeka kwa mikono hii."

Nilijisikia fahari hadi masikio yakawaka moto. Kisha Bwana Alfredi akasimama, bila kupandisha sauti.

"Mzee amesema vizuri, nami namshukuru. Alikuta pori tupu, hakupewa na mtu. Pori lisilo la mtu lilikuwa la kijiji. Na kijiji kilimgawia Mzee Qamara mwaka themanini na moja, karatasi hii hapa. Huo uzio anaouonyesha kila mtu anajua umepandwa miaka ishirini tu iliyopita."

Watu wakaguna. Ilikuwa kweli. Uzio una miaka ishirini na mmoja.

Mzee Ignasi akafumbua macho. "Tadei, uzio wako ni kijana. Unaye shahidi aliyekuona hapo kabla ya karatasi ya Qamara?"

"Wamekufa."

"Wote?"

Mjumbe mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Gidahosh yupo," na chumba kizima kikatazama sakafu. Mzee Gidahosh ni mfugaji wa Kibarbaig wa ng'ambo ya pili ya mbuga, ng'ombe wake ni wengi kuliko vitabu vya shule yetu. Yeye na Babu hawajasemezana tangu kabla sijazaliwa. Nimekuzwa nikiambiwa ng'ombe wake walikula mahindi yetu.

"Simhitaji," Babu akasema.

Tumepewa wiki mbili. Tarehe kumi na nane baraza litakuja shambani lenyewe. Tusipopatana hapo, kesi itapelekwa mbele, mjini, na Babu hana miguu ya safari hizo wala karatasi ya kubeba.

Ijumaa, 5 Desemba

Trekta la Bwana Alfredi limeegeshwa nje ya uzio wetu. Ni la bluu. Dereva anaitwa Meshack na anapiga miluzi vizuri.

Jumapili, 7 Desemba

Nimegundua jambo.

Nilikuwa natoka kanisani peke yangu kwa njia ya mbugani. Ng'ombe wa Mzee Gidahosh walikuwa wanakwenda lambo la mbali, kama kila siku. Nilisimama kando niwapishe. Ng'ombe jike mmoja mzee, mwekundu, akasimama mbele yangu kunitazama, na nikaliona sikio lake la kushoto. Limekatwa ncha mara mbili, kama mkia wa mbayuwayu.

Hiyo ni alama yetu. Mimi ndiye ninayekamua kila asubuhi. Majike yetu mawili na maksai wetu wawili wote wana sikio hilo, na Babu huwa anasema hakuna ukoo mwingine hapa wenye mkato huo, ameutoa Tlawi. Nikaanza kuangalia mwingine, na mwingine. Nimehesabu kumi na saba kabla hawajapita. Wengine wote walikuwa na alama tofauti, shimo katikati ya sikio.

Kumi na saba! Mzee Gidahosh ametuibia, na sasa ushahidi unatembea mchana kweupe. Nitamwambia Babu kesho akirudi kutoka mnadani Gehandu. Siwezi kungoja.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwambia. Nilidhani atachukua fimbo. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa tena.

"Umewaona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo Babu. Kumi na saba. Tumpeleke kwa mwenyekiti."

"Usimwambie mtu," akasema, akaenda zizini, akasimama huko mpaka chakula kikapoa.

Sijawahi kumwona Babu akiogopa kitu. Sasa nimekiona, ila sijui jina lake.

Jumanne, 9 Desemba

Bibi ameniambia. Tulikuwa tunachambua mbegu za maharage kwenye ungo, na nilimuuliza bila kumtazama, maana hivyo ndivyo mimi nauliza.

"Hakuna aliyeiba," akasema. "Babu yako alimtoa mama mzazi wa wale ng'ombe kwa mkono wake."

Alipoteremka kutoka Tlawi, Babu alikuja na mtamba mmoja tu. Huku hapakuwa pori tupu. Palikuwa malisho ya baba yake Gidahosh. Babu alimpelekea yule mzee mtamba wake, na yule mzee akamwonyesha kwa fimbo: toka huku mpaka korongo, lima wewe, ila ng'ombe wangu waachie njia ya kwenda chemchemi. Hawakuandika. Yule mzee aliagiza ndama wote wa uzao wa mtamba ule wakatwe sikio la Tlawi, wasikatwe la kwake, ili watoto wake wasisahau walimpa nani nini.

"Kwa hiyo mahindi kuliwa?"

"Yaliliwa. Mara moja. Babu yako akakasirika, akapanda minyaa, akafunga njia. Tangu hapo ng'ombe wa Gidahosh wanakwenda lambo la mbali. Na mtu akishafunga njia ya watu, hawezi tena kusema alipewa na watu. Ndiyo akaanza habari ya pori tupu." Alipuliza makapi. "Amelisema sana mpaka yeye mwenyewe analiamini."

Nimeandika hapa maneno yake yote. Nina hasira na Babu, na wakati huo huo nataka kuruka. Shahidi yupo! Hakufa. Ana miguu minne na mkia!

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Gidahosh. Mimi, ambaye nashindwa kumwomba mwalimu ruhusa ya kutoka nje.

Nilimkuta amekaa nje ya boma lake, shuka jeusi begani, anachonga fimbo. Nikasema shikamoo mara tatu kabla haijatoka yenye sauti.

"Marahaba. Nani huyu anaongea na miguu yake?"

"Natalia. Mjukuu wa Tadei."

Akaacha kuchonga. "Tadei amekufa?"

"Hapana Mzee."

"Basi kwa nini anatuma mtoto?"

"Hajanituma. Nimekuja kuuliza habari za ng'ombe. Akina sikio hili." Nikashika sikio langu la kushoto, nikalikunja. Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe aje aone mtoto wa Kimbulu aliyekuja na alama.

Kisha akaanza kusema, na mimi nikaandika. Anawaita akina Tlawi. Hajui kusoma lakini anao kichwani mama na binti, kumi waliofuatana, bila kusita hata mara moja. Mtamba wa Tlawi aliyeletwa na Babu. Bintiye Tumbo-Jeupe, aliyezaliwa mwaka watu walipokula unga wa njano. Bintiye Pembe-Chini, mwaka vijana walipokwenda vita vya Amini. Yule wa wakati wa El Nino alizaliwa mama yake amesimama majini, wakamwita Mvua. Namna hiyo mpaka huyu mwekundu niliyekutana naye, anaitwa Mama Polepole, na ana mimba.

Kila aliposema mwaka wa jambo fulani, nilijua namba yake kutoka darasani. Nilikuwa naandika pembeni: sabini na nne, sabini na tisa, tisini na saba. Karatasi ya Mzee Qamara ni ya themanini na moja. Tlawi alikuja kabla ya unga wa njano. Nilikokotoa mara mbili, jasho linadondoka kwenye daftari.

"Mzee, utakuja tarehe kumi na nane useme haya?"

Akachukua tena fimbo yake. "Nitakuja na ng'ombe. Lakini ndani ya uzio sikanyagi, na mdomo sifungui, mpaka Tadei aje kwangu kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyepokea kamba ya mtamba."

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemwambia Babu. Amesema jembe halijanolewa, akaenda kulinoa. Limenolewa mpaka linang'aa kama kioo.

Jumapili, 14 Desemba

Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni.

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua! Imeanza saa kumi na moja alfajiri, imepiga bati kama mtu anamwaga magunia ya karanga. Ilipokatika harufu ya udongo ilijaa mpaka kitandani. Kisha tukasikia trekta.

Meshack alikuwa analima upande wa Qamara, na kila mzunguko anakaribia uzio wetu. Babu alichukua kigoda chake akaenda kukaa pale kwenye pengo la kuingilia, mikono magotini. Trekta likaja, likasimama hatua tano.

"Babu, mimi naendesha tu," Meshack akasema.

"Na mimi nakaa tu."

"Nimeambiwa niingie leo, udongo bado laini."

"Udongo utakuwa laini na kesho."

Bibi akawaletea chai wote wawili. Meshack alizima injini, akanywa, akasema ina tangawizi nzuri. Wakaanza kuongea habari za plau. Nilikuwa nyuma ya minyaa, nimeshika daftari kifuani.

Ndipo Bwana Alfredi akaja na gari lake kubwa jeupe, amevaa buti mpya zenye lebo bado. Alikata kona kupita pembeni ya trekta, akapenya pengoni kando ya Babu mpaka kwenye udongo wetu mweusi, gari likazama mpaka milango. Alipokanyaga mafuta lilizidi kushuka. Trekta lilijaribu kulivuta, nalo likaanza kuzama, Meshack akaliacha.

Babu aliinuka kwenye kigoda. Akaenda kuwafunga nira maksai wetu. Wamelivuta gari taratibu, Babu anawaita kwa Kiiraqw, lugha yetu sisi Wambulu, mpaka likatoka likinuka moshi. Bwana Alfredi alikuwa na matope hadi kwenye nyusi.

"Asante sana, Mzee wangu. Sijui niseme nini."

"Umekwama kwangu," Babu akasema. "Ungekwama kwako, ningekuacha."

Bwana Alfredi akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimwambia Meshack asilime hapo mpaka baraza lije. Aliniona, akaniuliza ukurasa wa ngapi. Nikasema, kwa sauti, "Nimemaliza."

Jumatano, 17 Desemba

Babu hajala. Kesho.

Alhamisi, 18 Desemba

Naandika haraka nisisahau hata moja.

Baraza lilifika saa tatu asubuhi, wajumbe saba, na kijiji nusu nyuma yao. Udongo ulikuwa umelowa, kila mtu na kilo mbili za tope kwenye viatu. Mzee Ignasi akauliza tena, "Tadei, shahidi wako?"

Wakati huo huo tukawaona. Walikuja kutoka mbugani, wekundu, weusi, wa kijivu, wakasimama nje ya uzio upande wa pili, na Mzee Gidahosh katikati yao ameegemea fimbo, mguu mmoja umekunjwa juu ya goti la mwingine. Hakusalimia wala hakusogea.

Toka tuliposimama mpaka kwake ni hatua kama mia mbili. Babu alimtazama. Mimi nilimtazama Babu. Nilitaka kumwambia nenda, na sauti ikanikimbia kama kawaida, kwa hiyo nikamshika kiwiko tu. Alikitoa kiwiko chake mkononi mwangu, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anavua kofia.

Akaenda. Watu mia wanaangalia. Tope lilimvua kiatu kimoja katikati, hakurudi kukichukua. Alifika kwenye minyaa, wakawa uso kwa uso, majani tu katikati yao.

Babu yangu ndiye mkubwa kitongojini kwetu. Tangu nizaliwe nimemsikia akiitikia tu. Leo nimemsikia akisema, "Shikamoo, Gidahosh."

Mzee Gidahosh alimwacha angoje. Alitazama kiatu kule kwenye tope. Alitazama mlima. Alimwondoa nzi begani.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa. Ng'ombe wana kiu. Nipitie wapi?"

Babu akageuka, akaomba panga. Nilikimbia nalo mimi. Alikata minyaa kwa mkono wake, utomvu mweupe unamrukia shati, nasi tukimwambia aangalie macho. Alipata upana wa ng'ombe mmoja. Mzee Gidahosh akapita, na Mama Polepole nyuma yake bila kuitwa.

Mbele ya baraza Babu alisema. Alisema hapakuwa pori tupu. Alisema, "Nilipewa, nikapewa na baba yake huyu, kwa mtamba mmoja na kwa ahadi ya njia, na ahadi nimeivunja mimi." Alisema mambo hayo akitazama mbele, na hakupunguza hata neno.

Mzee Gidahosh alikubali kila kitu kwa kichwa. Mzee Ignasi akauliza, "Mwaka gani?" Mzee Gidahosh akaninyooshea fimbo. "Miaka anayo huyo."

Nilifungua daftari. Nikalibana kifuani kwanza, kisha nikasoma. Tlawi. Tumbo-Jeupe. Pembe-Chini. Nilipotamka unga wa njano, mama mmoja mzee nyuma akasema, "Hee, ule unga," watu wakaitikia. Nikasoma mpaka mwisho, ng'ombe kumi, miaka hamsini na kidogo, na nikasema mtamba alitolewa miaka saba angalau kabla ya karatasi ya Mzee Qamara. Meshack akamshika sikio Mama Polepole, kisha ng'ombe wetu mmoja tuliyemleta asubuhi, wajumbe wakainama kuangalia, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosaini.

Bwana Alfredi aliangalia wa mwisho. Alibaki ameinama pale muda mrefu kuliko wote.

"Mimi nilionyeshwa kwa video ya simu," akasema. "Watoto wa Qamara walisimama juu kule wakaniambia mpaka korongo." Akajifuta mikono. "Niandikieni, mpaka wangu ni uzio wa Mzee Tadei. Wale nitawatafuta mwenyewe."

Wameandika, na wote watatu, Babu, Mzee Gidahosh na Bwana Alfredi, wameweka dole gumba au saini. Nimeona kwa macho yangu. Nimekiokota kiatu cha Babu.

Ijumaa, 19 Desemba

Tumepanda maharage. Sauti yangu imekauka, na nilisoma dakika tano tu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Bwana Alfredi ameleta kreti. Safari hii Babu amekunywa mbili.

Jumamosi, 10 Januari

Jumanne shule inafunguliwa, kwa hiyo hii ni ya mwisho kabla ya kidato cha nne. Maharage yana majani matatu.

Wiki nzima Babu amekuwa akikata minyaa upande wa mbugani na upande wa chemchemi, na ameacha njia pana ya ng'ombe sita wakitembea sambamba. Tumepoteza mistari kumi na moja ya maharage. Bibi amehesabu, Babu hakutaka kusikia.

Leo mchana Mzee Gidahosh ameleta kundi lote. Mama Polepole alikuwa mbele na ndama wake wa siku nne, jike, mweusi, sikio lake la kushoto bado zima. Walifika kwenye pengo wakasimama. Mzee Gidahosh alipiga mluzi. Hawakusogea. Wajukuu zake wakawasukuma kwa nyuma, ng'ombe wakakita kwato na kukataa.

"Wanaogopa nini?" nikauliza.

"Hawaogopi," Mzee Gidahosh akasema. "Wote wamezaliwa baada ya njia kufungwa. Hakuna hata mmoja anayeijua. Hata Mama Polepole siku ile aliishia kwenye baraza, hakufika majini."

Tukabaki tumesimama, ng'ombe huku na maji kule. Babu akaweka panga chini. Akapita katikati yetu, akasimama mbele ya Mama Polepole, akampigia ulimi jinsi anavyowapigia wetu asubuhi. Kisha akageuka, akawapa mgongo, akaanza kutembea polepole kuelekea chemchemi, akiita, "Tlawi. Tlawi. Tlawi."

Mama Polepole akatega sikio.